Milango ya Mwalimu Kigen

Mlango wa kwanza kukataa kufungika ulikuwa wa Nabwire, muuza mitumba aliyepanga chumba cha chini katika ghorofa ya Mwalimu Wilson Kigen, pale Huruma.

"Mwalimu, mlango yangu imekwama," alimwambia. "Nikienda soko naacha vitu wazi."

Kigen akaleta fundi, ukingo ukasagwa, mlango ukafungika. Mvua za masika zilikuwa zimeshika, naye akajiambia ni unyevu tu. Baadaye, akiwa kibarazani kwake Kiplombe na kikombe cha chai mkononi, alikumbuka kwamba milango yote ya ghorofa ile ni ya chuma. Chuma hakifuri kwa mvua. Chai ikapoa, na hakumwambia mtu.

Alikuwa amefundisha shule za msingi maisha yake yote. Alipostaafu, alikata kipande cha shamba akauza, akanunua ploti Huruma. Kanisani akaonyeshwa kontrakta, Felix Okumu, mtu wa viatu safi na maneno laini. Felix alisimamisha kibao getini chenye jina la mhandisi na nambari ya leseni. Mkewe Kigen, Jeruto, alikitazama kibao kile akauliza, "Na huyu mhandisi tutamwona lini?"

"Yuko Nairobi, Mama. Atapitia," Felix akajibu.

Hakupitia. Ramani ilikuwa ya ghorofa tatu, lakini Felix alisema msingi unabeba hata tano, na Kigen, aliyeshawaona wastaafu wenzake wakiishia kuombaomba, alitaka kumwamini. Akamwamini, zikapandishwa tano. Wapangaji waliingia vyumba vya chini huku vya juu vikiendelea kupigwa plasta.

Wiki chache baada ya mlango wa Nabwire, ulikwama mlango wa chumba kilicho juu yake. Kisha wa juu ya huo. Kigen alisimama uani akaifuata ile milango kwa macho, mmoja juu ya mwingine, kama kwamba kulikuwa na kitu ndani ya ukuta kinachopanda polepole. Alipompigia Felix, simu haikupatikana.

Ndipo akaenda mjini, kwenye ofisi moja inayoshughulika na leseni za wajenzi. Karani aliyeitwa Chepkirui alitafuta jina la mhandisi kwenye kompyuta, akampigia, akaweka simu mezani ili Mwalimu asikie.

"Huruma?" sauti ikasema. "Mimi sijawahi kukanyaga hapo. Leseni niliwaazima tu watu fulani. Mambo ya mjengo waulize wao."

Simu ikakatwa. Chepkirui alimgeukia Kigen.

"Mwalimu, kuna sheria kali zinakuja," alisema. "Mwenye leseni atalazimika kusimama kwenye mjengo yeye mwenyewe. Lakini sheria haiwezi kuingia kwenye simiti iliyokauka. Hao watu wako, watoe leo."

Kigen alifika Huruma wapangaji wakipika chakula cha jioni. Aliwakusanya uani, akawaeleza yote bila kuficha, hata ile habari ya ghorofa mbili zilizoongezwa juu ya ramani. Walimsikiliza, kisha Nabwire akasema kile ambacho wengi walikuwa wakifikiri.

"Unataka kutufukuza ulete wengine wa kodi kubwa. Tunajua landlodi."

"Mama Nabwire, nakuomba."

"Niende wapi?"

 Kigen alikuwa angali amesimama hapo, nguzo iliyokuwa karibu na ngazi ilipotoa mlio mfupi, mkavu, kama ukuni unaovunjwa kwa goti. Ganda la plasta likaanguka likapasukia sakafuni.  Nabwire aliingia chumbani, akatoka na mtoto mgongoni na bunda la nguo kichwani, akampita Kigen bila kumtazama. Wengine wakamfuata.

Watu wa serikali ya kaunti walikuja wakachora alama nyekundu ya X ukutani, wakafunga geti kwa mnyororo, wakasema ghorofa itabomolewa. Mvua zilikwisha, tingatinga halikuja. Felix alionekana upande wa pili wa Kiplombe akijenga shule ya chekechea, na getini pake kulikuwa na kibao kipya chenye jina la mtu mwingine. Kigen alikwenda kumwonya mwenye shule. Alipokewa kwa adabu, akapewa soda, akaambiwa kila mtu ana bahati yake.

Tangu hapo alikuwa akishinda Huruma, ameketi kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya barabara, akiwakataza watoto kucheza karibu na ukuta. Jeruto alimsihi arudi nyumbani, na yeye akawa anajibu, "Kesho."

Asubuhi moja alikuta nguo mbichi zimeanikwa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Shati la mwanamume, leso, soksi ndogo za mtoto. Geti lilikuwa bado limefungwa, lakini mabati ya nyuma yalikuwa yamekunjwa, uwazi wa kutosha mtu kupita. Chumba kisicho na kodi hakikosi mtu Huruma.

Kigen aliita kutoka chini. Hakuna aliyejibu. Akavua koti, akapenya kwenye mabati, akaanza kupanda ngazi taratibu, mkono ukutani. Chini ya kiganja chake plasta ilikuwa ikibomoka kama unga. Alipofika ghorofa ya pili akaita tena, na juu ya kichwa chake akasikia jiko likiburutwa sakafuni, na mtu akimnyamazisha mtoto.