Mbawakawa wa Masika

Mwajabu wa Zinga alikuwa mbishi, na sisi majirani zake tulimsema sana kwa ubishi huo. Mikeka yake ilisifiwa hadi Bagamoyo mjini. Ukindu wa kusukia aliukata mwenyewe mabondeni, na kwa kuyazoea mabonde aliwazoea pia mbawakawa weusi walao mizoga. Kiangazi huwaoni, mzoga hukauka juani ukabaki ngozi na mifupa. Masika yakiingia na ardhi ikalainika, hutoka kwa wingi, hasa penye kivuli na majani yaliyooza.

Masika moja, mara baada ya Vita Kuu ya Pili, mumewe Abdala alichukua mkuki akamfuata nguruwe aliyekuwa akiwamalizia muhogo. Hakurudi. Tulimtafuta siku mbili bila kumwona, na kaka yake, Mwinyimvua, akatuma mtu akalete sanda.

"Shemeji, kaa eda," akamwambia Mwajabu. "Mungu ameshapitisha."

"Nikae eda ya nani? Maiti mmeiona wapi?"

Akachukua panga lake la ukindu akashuka bondeni. Tukamfuata, wengine kwa huruma, mimi kwa udaku.

Kwenye mikindu tulipokewa na harufu. Mbawakawa walikuwa wakiruka na kutambaa, wote wakielekea kichaka kimoja. Mwajabu alisimama, ubishi wote umemtoka. Nami niliogopa kweli. Nilitamani ningebaki nyumbani. Mwinyimvua akafunua majani kwa fimbo.

"Nguruwe," akasema, akarudi nyuma upesi.

Wanaume wakapandisha shuka zao kwa kuogopa najisi, wakaanza kuondoka. Mwajabu hakuondoka. Alipiga magoti, akawapangusa mbawakawa kwa mkono mtupu, akatia kidole katika jeraha la ubavuni. Mimi nilitema mate.

"Hili jeraha la mkuki," akasema. "Mkuki wenyewe uko wapi?"

Mwinyimvua akatazama huku na huku kichakani.

"Nguruwe hajichomoi mkuki, shemeji. Aliyeuchomoa alikuwa hai."

Akaanza kukagua tope. Palikuwa na vishimo vidogo vilivyofuatana, vimejaa maji ya mvua, alama za mtu anayejikongoja kwa mpini. Vilielekea korongoni. Mwajabu akavifuata mbio huku akimwita mumewe, na mara hii hata Mwinyimvua alikimbia.

Abdala alikuwa ameegemea ukingo wa korongo, mkuki mapajani. Mguu mmoja ulikuwa umepasuliwa na meno ya nguruwe, na damu ya mnyama ilimganda kwenye shati. Macho yalikuwa wazi. Alipomwona mkewe akijongea, akajaribu kujivuta kando.

"Usinishike, mke wangu," akasema kwa shida. "Nina najisi."

"Hata mimi ninayo," Mwajabu akajibu, akampitishia mkono kwapani, akamwinua.