Mama Dirisha na Mlango wa Wageni

Kwa miaka ishirini na miwili shemeji yangu alizungumza na matumbo ya watu. Hayo ni maneno yake mwenyewe, wala hakuyasema kwa utani. Alikuwa karani wa ofisi ya ardhi, na mimi nilikuwa dereva wa mkuu wa ofisi hiyo hiyo. Ni dada wa mke wangu, na ndiye aliyenisemea nikapata kazi. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Mji mzima ulimwita Mama Dirisha.

Jengo lile walilijenga Waingereza. Kuta za mawe, unene wake mkono mzima, baraza yenye nguzo nane, na ngazi kumi na mbili zinazopanda hadi mlango wa mbao nzito wenye vitasa vya shaba. Ukilitazama kwa mbele utalisifu. Lakini wananchi hawakupita mbele. Walizunguka nyuma, wakapanga foleni juani mbele ya kidirisha kilichoachwa ukutani usawa wa kiuno cha mtu mzima. Ukitaka kusema na karani sharti upinde mgongo, uingize kichwa kama anayetafuta mayai bandani. Usipoinama, karani anaona vifungo vya shati lako na basi.

"Hivi aliyepima hapa alikuwa kipofu?" Mama Dirisha aliuliza mwezi wake wa kwanza kazini.

Fundi wa matengenezo, mzee ambaye baba yake alikuwa kibarua kwenye ujenzi ule, alicheka mpaka akakohoa. "Kipofu wapi, mama! Alipima sawasawa. Baba alinisimulia: mwanzo waliliweka usawa wa uso. Mzungu akaja na fimbo yake, akasema lishusheni. Mwenyeji akija kuomba kitu, aje ameinama."

Wazungu walikwenda zao, bendera ikabadilishwa, picha ukutani zikabadilishwa. Kidirisha kikabaki. Ukumbi wa mbele, ambamo walowezi walihudumiwa wakiwa wameketi, ukawa chumba cha wageni wa mkuu: makochi manne, zulia, na maua ya plastiki yanayofutwa vumbi kila Jumatatu. Mimi niliyekuwa naingia na kutoka pale nakuambia, wageni wa wiki nzima ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole gumba kikabaki bila kazi.

Mama Dirisha alilalamika. Mkuu wa kwanza alimjibu, "Tutaliangalia." Labda aliliangalia kweli, maana alilipita kila siku. Wa pili aliunda kamati. Kamati ikanywa chai mara tatu ikapendekeza iundwe kamati. Wa tatu, ambaye ndiye niliyemwendesha mimi, alisema fungu halipo. Halafu akaja afisa wa malikale, kijana mwenye miwani na adabu nyingi, akapigilia kibao cha shaba kando ya mlango: jengo hili ni urithi wa taifa, marufuku kugusa hata msumari.

Wiki mbili baadaye mkuu alifungiwa kiyoyozi. Mafundi walitoboa ukuta wa ofisi yake tundu la kupita mbuzi.

"Kumbe ukuta huu unaumia dirishani kwangu tu," alisema Mama Dirisha. Alimwambia hayo mkuu mwenyewe, kwenye korido. Mkuu akatazama saa yake.

Basi ikafika siku shangazi yake Mama Dirisha alipokuja kufuata hati ya kiwanja chake. Bibi huyo alikuwa na miaka sabini na minne, mkunga mstaafu wa hospitali ya mji. Alifika mapema, akasimama foleni saa mbili nzima chini ya jua bila kumwambia mtu yeye ni nani. Zamu yake ilipofika, Mama Dirisha aliona pindo la kanga na fimbo ya kutembelea. Kichwa hakikutokea.

"Mama, inama kidogo nikusikie," alisema, maana hakujua ni nani.

"Siinami," sauti ikajibu kutoka juu.

"Shangazi? Ni wewe?"

"Ndimi. Miaka thelathini na moja nimewainamia wanawake wa mji huu wakijifungua. Pale niliinama kwa sababu kulikuwa na mtoto anakuja. Hapa kuna nini cha kuinamia? Mgongo wangu umegoma, mwanangu, na mimi naunga mkono mgomo."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mama Dirisha hakucheka. Baadaye aliniambia kwamba alimkumbuka kila mzee ambaye yeye aliwahi kumwambia "inama kidogo" kwa sauti ya upole, kana kwamba upole unapunguza kitu. Akaweka kalamu chini, akatoka, akazunguka jengo, akamshika shangazi yake mkono, wakazipanda zile ngazi kumi na mbili, moja baada ya moja, wakipumzika kila ya tatu.

Mlinzi akasimama mlangoni. "Mama Dirisha, usinitafutie balaa. Mlango huu ni wa wageni."

Shangazi akamtazama juu mpaka chini. "Na mimi mwenyeji nipite wapi?"

Mlinzi akasogea pembeni. Bibi akaingia, akaketi kwenye kochi, akashusha pumzi. Huku nyuma foleni nzima ilikuwa imeshazunguka jengo. Hawakuulizana wala hawakupiga kelele. Walipanda tu ngazi, wakafuta viatu kwenye zulia la mlangoni, wakaketi. Waliokosa kiti wakasimama wima. Mama Dirisha akaleta daftari na mihuri yake, akasogeza maua ya plastiki, akaanza kuhudumia. Kwa mara ya kwanza aliona nyuso badala ya utosi na matumbo. "Kumbe wewe ndiye wa kiwanja cha kona!" alimwambia mzee mmoja. "Miaka sita nakujua kwa utosi na mikono tu."

Saa saba nilimrudisha mkuu kutoka mkutanoni. Alipofungua mlango akasimama kama aliyekosea nyumba.

"Hii ni nini?"

"Ni wananchi, mkuu," alijibu Mama Dirisha bila kuinua kichwa. "Namba kumi na tisa, karibu."

Jioni ile alipewa barua ya kutakiwa kujieleza. Majibu yake nayakumbuka kwa sababu niliyapeleka mimi: "Nimetakiwa nieleze kwa nini wananchi walipita mlangoni. Naomba kwanza nielezwe kwa nini walikuwa hawapiti."

Wiki iliyofuata wakamwita kikaoni. Afisa wa malikale alikuja na michoro ya zamani ya jengo, akaitandaza mezani kwa uangalifu mkubwa, akaeleza kwamba jengo la urithi halina budi kutumika kama lilivyokusudiwa tangu asili. Mimi nilikuwa mlangoni na mafaili ya mkuu. Mama Dirisha alivaa miwani yake, akainamia mchoro, akasoma maandishi ya Kiingereza kwa kidole. Mbele: ukumbi wa Wazungu. Nyuma: dirisha la wenyeji.

Akavua miwani. "Mkuu, naomba kuuliza. Kwenye mchoro huu, wewe unapita wapi?"

Afisa wa malikale aliukunja mchoro polepole, masikio yamemwiva.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Thubutu! Wiki tatu zilipita ndipo tangazo likabandikwa: wananchi watahudumiwa ukumbini asubuhi tu, kuanzia saa sita mchana watumie dirisha kama kawaida. "Kwa hiyo sisi ni binadamu mpaka saa sita," alisema Mama Dirisha, na siku hiyo hiyo akakabidhiwa barua ya kuhamishiwa chumba cha mafaili, "kwa manufaa ya ofisi."

Ila watu walikuwa wameshaonja kuketi. Saa sita ikifika hawakwenda nyuma. Walisema watangoja kesho asubuhi, wakabaki kwenye makochi wakipiga soga. Karani mpya alikaa mchana kutwa dirishani akitazama uwanja mtupu. Mwezi wa nne wa hali hiyo mkuu aliniagiza, kwa sauti ya chini, nibandue lile tangazo. Hakuandika barua yoyote. Shangazi alipata hati yake.

Nilishuka chumba cha mafaili kumpa habari hiyo shemeji yangu, nikidhani atafurahi.

"Nifurahie nini?" akaniuliza, ametapakaa vumbi mpaka kwenye nyusi. "Miaka ishirini na miwili, shemeji! Na mlango wenyewe haukuwahi kufungwa kwa ufunguo. Tungeweza kuingia siku yoyote, hata siku ile waliposhusha bendera."

Akanisukumia ngazi ya mbao, akaniambia niishike vizuri isiteleze, kwa sababu mafaili yanayotakiwa kila siku yamewekwa rafu ya juu kabisa, na katika ofisi nzima hakuna aliyewahi kufikiri kwamba karani anaweza kuwa mtu mfupi.