Kutoka Toronto Hadi Mghange

Tovuti ilisema kutoka Toronto hadi Nairobi ni kilomita elfu kumi na mbili na ushee, na kwamba ndege hutumia kama saa kumi na tano. Nikaamini. Nikamwambia baba, "Mwanao atakuwa hapa kesho mchana," na mama akaweka kikombe cha maji kando ya kitanda alichougulia baba, akakifunika kwa sahani.

Maji hayo hayakuwa ya dawa. Kaka yangu alipoondoka, miaka mingi nyuma, walikuwa wamegombana, na baba alimtamkia mlangoni: "Mguu uliotoka hapa usirudi." Kwetu Utaita neno kama hilo halifutwi kwa kuombana radhi tu. Aliyelisema hujaza maji mdomoni, akampulizia yule aliyeambiwa huku akitamka baraka, na hasira hutoka pamoja na maji. Tunaita kutasa. Hakuna mwingine anayeweza kukufanyia. Ukifa na neno lako, limebaki na mtoto wako. Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini siku hiyo kanisa lilikaa kando.

Mchana ukafika, ukapita. Baba alivuta pumzi kwa vipande.

"Amefika wapi?"

"Yuko njiani, baba."

"Njia gani hiyo haiishi?"

Nilitoka mlangoni, mahali pekee pa network, nikampigia kaka. "Dada, bado niko huku Ulaya," akasema. "Hakuna ndege ya moja kwa moja. Na hii ya pili imedilei mpaka usiku."

Nilitamani kuitupa simu bondeni. Kumbe tovuti ilikuwa imepima mstari ulionyooka, safari ya kunguru! Na mimi, mtoto wa Mghange, niliyekua nikiiona nyika kule chini kama naweza kuirukia, lakini nikitaka kwenda Voi lazima barabara inizungushe mpaka Mwatate kwanza, ndiye niliyedanganywa na mstari. Nilikasirika. Ukweli ni kwamba niliogopa.

"Shika huko miguuni," mama akasema.

Tukakiburuta kitanda, baba juu yake, hadi mlangoni. Nikapiga simu ya video. Uso wa kaka ukatokea, watu na masanduku wakipita nyuma yake, kisha picha ikaganda. Mama alimwinua baba, akampa maji. Yakamtoka yote kidevuni. Akampa tena. Baba akafumba mdomo, mashavu yamejaa, macho kwenye simu, na picha bado imeganda. Nilimwomba Mungu na kampuni ya simu kwa pamoja.

Kaka akasogea. Baba akapuliza.

"Mwanangu. Hasira yangu imetoka. Mguu wako urudi nyumbani."

"Na urudi," mama akaitikia.

Matone yalitapakaa kwenye kioo. Kule mbali, mbele ya wageni wale wote, kaka alikuwa amefumba macho na kuusogeza uso wake karibu na simu, kama mtu anayenyeshewa.

Baba alifariki kabla jua halijazama.

Kaka alifika kesho yake, macho mekundu, uso umejaa vumbi la barabara. Mama akamletea beseni la maji anawe. Alinawa mikono, akanawa miguu, kisha akalirudisha.

"Uso bado, mama," akasema. "Nitauosha tukishamzika."