Picha Yangu Kwenye Kishikwambi cha Baba

Baba alipopata kiharusi, nilifunga chumba nilichopanga Mugumu nikarudi nyumbani Turwa kumtunza. Mama alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye mtoto wao pekee. Kazi yangu ni kusanifu kurasa za programu za simu: kitufe kikae wapi, rangi iwe gani, mtu aguse nini kwanza. Ningeweza kuifanya hata sebuleni, mradi mtandao usikatike. Kilichokosekana ni mazungumzo. Mkono wa kulia wa baba ulikuwa umepooza na maneno yalikuwa yamemtoka yote. Alielewa, ila hakuweza kujibu. Mchana kutwa nilisikia kuku na redio ya jirani.

Nikamtengenezea programu kwenye kishikwambi. Nilipanga picha kubwa: chai, maji, choo, ng'ombe, kanisa, na picha yangu ya kuniitia. Akigusa picha, sauti inataja neno. Ndani yake niliweka akili mnemba ijifunze mazoea yake. Anachokigusa kikue, asichokigusa kipungue mpaka kiondoke, ili asihangaike kutafuta. Chuoni nilisoma saikolojia kidogo, nikajua kwamba akili iliyochoka huelemewa na vitu vingi vya kuchagua. Niliona nimefanya jambo la maana.

Mwanzoni alikifurahia. Kikisema "chai," naleta chai. Kikisema "ng'ombe," namsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi zizini. Lakini picha yangu hakuigusa hata mara moja. Ilikuwa upande wa kulia wa kioo, kando ya picha ya kanisa. Ikapungua, ikawa kama kifungo cha shati, na asubuhi moja sikuiona tena.

Kanuni iliyoiondoa niliiandika mwenyewe, na bado iliniuma.

"Tata, umenichoka?" nilimuuliza baba.

Alitazama dirishani. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku moja shangazi, dada yake baba, akavuka mpaka kutoka Isebania, upande wa Kenya, kuja kumwona. Nilimpa shikamoo, nikamwekea kiti karibu na baba. Alimsemesha kwa Kikurya muda mrefu. Baba akageuza uso upande mwingine, kama anayemtafuta mtu mlangoni.

"Huyu amenikataa," shangazi akasema. "Nimetoka mbali hivi, na hata kunitazama hataki."

"Si wewe tu, shangazi. Hata mimi."

Akachukua mkoba wake aondoke. Ili aufikie mlango ilibidi apite mbele ya baba, atokee kushoto kwake. Hapo baba akashtuka, akamkamata kitenge kwa mkono wake mzima, akalia kwa sauti. Shangazi akapiga magoti, wakalia wote wawili.

Mimi nilibaki nimesimama. Kiti nilikuwa nimekiweka upande wake wa kulia. Nikakumbuka ugali aliokuwa akiubakiza kila siku, nusu ile ile ya kulia ya sahani. Kumbe alikuwa haoni upande ule, na daktari alipompima baadaye alisema ni hivyo hivyo. Programu ilichukulia kutoona kuwa ni kutotaka. Na mimi pia.

Nikaitoa ile sehemu ya kujifunza, nikapanga picha zote kushoto, zisipungue tena. Siku chache baadaye, nikiwa nasonga ugali, nikasikia kishikwambi kikisema, "Mwanangu." Nikakimbilia sebuleni, mikono ina unga. Nikamwonyesha maji, akatikisa kichwa. Chai, akatikisa kichwa. Nikavuta kigoda nikakaa kushoto kwake. Akanitazama kwa muda, akaweka mkono begani kwangu, akasinzia. Ugali uliungua.

Baba alifariki kabla ya mavuno. Waombolezaji walipotawanyika, nyumba ikawa kubwa kuliko nilivyoifahamu. Kazini sasa wanataka kurasa zinazojua mtu anataka nini kabla hajagusa chochote. Naifanya kazi hiyo taratibu, na kila mara nawauliza maswali yanayowachosha. Jioni nampigia shangazi. Akipokea, tunaongea mpaka salio linaisha. Asipopokea, nafunga geti, naingia ndani.