Ngitili ya Waelvu

Watu wakiniambia nimsamehe kaka yangu, huwa nawauliza kwanza kama wanajua alichonifanyia. Hawajui. Basi wakae wanisikilize.

Tulikaa Kasoli, kwenye mji wa baba, na nyuma ya mji kulikuwa na ngitili ya bibi. Kwa asiye wa kwetu: ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza. Nyasi zinaachwa, migunga inaachwa, hakuna anayeingiza ng'ombe wala kukata hata kijiti, mpaka kiangazi kikaze na kwingine kote kubaki vumbi. Hapo mwenyewe anaifungua, na ng'ombe wake wanapona. Haina ukuta wala waya. Kila mtu anaujua mpaka, na anayeuvuka anapigiwa mwano, lile yowe linalowatoa wanaume majumbani na silaha mkononi. Ngitili ile aliiacha babu, na bibi aliitunza kuliko alivyotutunza sisi, nasema kweli.

Sasa ilikuwa enzi za ruksa. Ushirika umelegea, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa Kasoli na magari yao, kila mmoja na mizani yake, na kila mwanamume mwenye jembe anatembea kichwa kimevimba. Baba naye akataka kulima pamba kila palipo na udongo. Macho yakatua kwenye ngitili.

"Mayu," akamwambia bibi, maana kwetu mama ni mayu, "ile ardhi imelala tu."

"Na wewe ukilala nikukate?" bibi akamjibu.

Baba akarudi shambani. Tukadhani yameisha.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyoleta mitumba, na mitumba ndiyo iliyoleta kile kitabu. Kaka alikuwa anasoma sekondari Bariadi mjini. Siku moja mnadani alimkuta muuza karanga anachana vitabu vya Kizungu ili afungie karanga, akamwomba kimoja kilichokuwa kwenye kasha lake bado, na dadu moja ya ajabu yenye pande ishirini. Alikuja nacho nyumbani likizo ya mavuno. Jalada lilikuwa na picha ya mji mzima uliojengwa juu ya miti, na watu warefu wembamba wenye masikio ya ncha wakitembea kwenye madaraja ya kamba. Kaka akasema hao wanaitwa waelvu, hawazeeki, na miti yao haikatwi.

"Kama ngitili," nikasema.

"Eeh, kama ngitili," akasema.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: kaka ndiye msimulizi, anakueleza uko wapi na kumetokea nini, wewe unasema unafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu inaamua. Namba kubwa umefaulu, ndogo umekwisha. Tulikuwa tunacheza mchana stoo, tumekaa juu ya lundo la pamba linalowasha mapaja, na kwa kuwa dadu ilikuwa inazama kwenye pamba, tuliirusha ndani ya kikombe cha bati. Msimulizi peke yake ndiye aliyechungulia. Kaka alisema kitabu ndivyo kinavyoagiza, na mimi Kiingereza cha darasa la sita kingenifikisha wapi?

Akanipa mji wa waelvu niuongoze. Weee! Niliutawala kama bibi. Kwanza niliwapa ng'ombe. Kaka akapinga, kitabu hakikutaja ng'ombe. Nikamuuliza watu gani wenye akili wanaishi bila ng'ombe, na vijana wao wanaoa kwa kutoa nini? Akacheka mpaka akapaliwa, akaandika ng'ombe. Nikawapa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kula kiangazi. Nikawapa walinzi wa zamu, na msitu wao nikaufunga rasmi kwa sheria ya ngitili. Nilimpenda sana kaka yangu siku zile. Hakuna mtu mwingine pale nyumbani aliyewahi kuniuliza, "Wewe unaamuaje?"

Ndipo dada yake bibi akafariki Migato, na bibi akafunga kanga zake kwenda msibani. Asubuhi ya kuondoka alinisalimu "mwangaluka" kama mtu mzima mwenzake, akanishika mkono, tukazunguka mpaka wote wa ngitili. Aliniambia baba hamwamini, mama anamwogopa baba, na kaka kichwa chake kipo mjini. "Wewe ndiye macho yangu. Ukisikia shoka, usiulize la nani. Piga mwano." Nikasema ndiyo. Na ningepiga! Mapafu nilikuwa nayo, aulizwe mwalimu wangu wa kwaya.

Kesho yake kaka akaja mapema ana furaha. Leo, akasema, mji wako unavamiwa. Akafunga mlango wa stoo, ati watoto wa jirani wasituharibie. Mama alikuwa msibani na bibi. Tukaanza.

Alisimulia vizuri siku ile kuliko siku zote, Mungu anamwona. Majitu yenye shoka yametoka nchi ya mbali, yanaitaka miti ya waelvu. Yako bondeni. Yanapanda. Halafu akainua kidole, akaniambia, "Sikiliza."

Nikasikia. Ko. Ko. Ko. Kwa mbali, upande wa nyuma wa mji.

"Unasikia shoka zao?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nywele zilinisimama. Niliona raha, jamani! Nilidhani Mungu mwenyewe ameingia kwenye mchezo wetu. Nikauliza mara moja kama hilo ni shoka kweli. Akasema ni baba, anapasua kuni za kupokelea watu wa msiba, na si imetokea vizuri? Nikakubali, imetokea vizuri sana. Nikasema, "Napiga mwano."

"Waelvu hawana mwano."

"Wangu wanao."

Akanipa kikombe. Nikatikisa, nikakiweka, nikakifunika kwa kiganja. Akachungulia, akaniangalia, akapiga kelele, "Ishirini!" Waelvu wote wakatoka na pinde, majitu yakakimbia yakiacha shoka chini, na hakuna mti hata mmoja ulioanguka. Nilirukaruka juu ya pamba mpaka nikaanguka. Tukaendelea kusherehekea. Kaka akanitajia nyimbo walizoimba, chakula walichokula, ng'ombe waliochinjwa. Shoka za kuni nazo zikaendelea, ko, ko, mpaka jua likaanza kushuka.

Nilipotoka nje, kulikuwa na mwanga mwingi mno nyuma ya nyumba.

Nilikimbia hadi mpakani. Baba na vibarua wake walikuwa wamekaa juu ya magogo, wanakunywa uji. Migunga yote chini. Nikapiga mwano. Nilipiga mpaka nikaonja damu kooni, na wanaume wakaja kweli, mbio, na mishale yao, kutoka kila upande. Wakamkuta baba. Wakasalimiana. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba mtu hapigiwi mwano kwa kukata mti wa kwao, nirudi nyumbani nikanywe maji. Wengine walibaki kusaidia kuvuta matawi.

Bibi aliporudi alisimama pale akaangalia. Hakumuuliza baba. Aliniuliza mimi, "Hukusikia?"

Nikasema nilisikia.

Hakuniuliza tena kitu, siku ile wala nyingine. Pamba ilipandwa, mwaka wa kwanza ikatoa bati za nyumba na baiskeli. Halafu bei ikaanguka, magari ya wanunuzi yakapungua, na kiangazi kikaja kama kawaida yake, hakijui soko huria. Ng'ombe wa bibi walipelekwa Kimali kutafuta nyasi. Hawakurudi hata mmoja. Bibi akafunga kanga zake tena, akaenda kwao Migato, akafia huko, akazikwa huko, mbali na babu. Watu huniambia nisijilaumu. Nani kawaambia najilaumu? Nilikuwa mtoto, nikafungiwa mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu kilikuwa kinanisimulia hadithi.

Miaka yote nilijiambia kaka alitumwa na baba. Kumkatalia baba yetu hakukuwa mchezo. Jambo hilo lilinisaidia kula naye sahani moja.

Kisha baba akafa. Siku ya kuanua matanga tulikaa uani Kasoli, pale nyuma ambapo sasa pana korongo tu, hata pamba haioti. Kaka amekuwa mtu mkubwa Mwanza, tumbo mbele. Akawa anawachekesha wageni. "Huyu mdogo wangu mnamwona? Alikuwa malkia wa msitu! Aliokoa mji mzima kwa dadu moja." Watu wakacheka. Nikamuuliza, polepole, kama ni baba aliyemtuma siku ile.

"Baba?" akasema. "Baba alitaka kumngoja bibi arudi, wazungumze. Mimi ndiye niliyemwambia piga shoka sasa hivi, huyu mtoto niachie mimi." Akajipiga paja. "Tena hata ile ishirini haikuwa ishirini. Ulipata tatu. Sasa ningesema tatu si ungelia, ukatoka nje?"

Wageni wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la wali, nikaliweka chini.

Nilikuwa nimebakiza msitu mmoja tu maishani mwangu ambao nilipoulinda, ulisimama. Kumbe nao ulikatwa siku ileile.