Masharubu ya Kinyozi

Kinyozi wa mtaa ule alikuwa na masharubu aliyoyalea, kwa maneno ya mkewe, kuliko alivyowalea watoto. Mchana, wateja wakiadimika, alicheza sataranji na shemeji yake, mpishi wa hospitali, kwa kanuni za kinyume: ukiweza kula kete ya mwenzako, lazima uile, na wa kwanza kuliwa kete zote ndiye mshindi.

Siku moja waliwekeana dau. Mpishi akishindwa, atafagia nywele dukani mwezi mzima. Kinyozi akishindwa, masharubu yanaondoka.

Kinyozi aliliwa vizuri mpaka akabaki na askari mmoja tu, mpishi akiwa na kete mbili. Askari akafika mwisho wa ubao, mahali pa kupandishwa cheo.

"Mfanye farasi, kaka," mteja mwenye povu kidevuni akanong'ona. "Farasi hali ovyo."

"Mimi na farasi wapi na wapi? Dukani kwangu anaingia malkia!"

"Karibu mezani, malkia," mpishi akasema, akamsogezea kete ya kwanza mdomoni. Malkia akalazimika kula. Akaletewa ya pili, akala. Mpishi akabaki mikono mitupu, akanyanyuka kushangilia.

Wembe ukapita huku kinyozi amefumba macho.

Mkewe akaingia na chakula, akaduwaa mlangoni, kisha akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, mama mkwe! Mbona hukutuambia unakuja?"