Pazia la Idi

Mwaka wa kwanza chuoni, Bagamoyo, sikutulia na kile chumba cha bweni. Leo nabandika karatasi za maua ukutani, kesho nazibandua; nahamisha kitanda, nanunua taa za rangi, naona bado. Mama akaniazima pazia lake la Idi, linalokaa sandukuni mwaka mzima.

Siku ya kufunga bweni, kwa haraka zangu za kijinga, nilisomba mapambo yote nikayatupa jalalani, na pazia humo humo. Nilikuja kukumbuka nyumbani Kiwangwa, kesho yake Idi, mama aliponiambia, “Haya, lilete tulitundike.”

Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alitundika dirishani kanga yake mpya ya sikukuu, na asubuhi akaenda kuswali Idi kajitanda ya zamani.